Mwari wa Mbio za Chupa

Mie nilikuwaga mwembamba. Ukiniona leo utasema bibi huyu ana uongo, na sikulaumu, maana nyumbani kwangu hata kochi langu hakai mtu mwingine, limeshachukua umbo. Lakini miaka ile ya ujamaa, Temeke nzima hakukuwa na msichana aliyekauka kama mie. Kaka yangu alikuwa akisema mvua ikinyesha silowi, napita katikati ya matone. Mama alikuwa ananiita huku nimesimama mbele yake.

Na kwa sie watu wa kusini wembamba haukuwa sifa hata kidogo. Msichana mwembamba ama mgonjwa, ama ana roho mbaya, chakula kinamkataa. Nilinyweshwa dawa za minyoo mpaka nadhani minyoo yenyewe ilinionea huruma ikahama. Shule nayo niliiachia njiani. Darasa la saba nililianza, bibi akaugua, nikaambiwa nibaki nimuuguze, na alipopona mie nikawa nimeshazoea kulala mchana. Kwa hiyo mwili sina, cheti sina. Nilikuwa nafuma vitambaa vya makochi, na kila kitambaa nilichofuma kilitoka na kona tano.

Kumbe duniani kulikuwa na jambo moja lililokuwa linamtafuta mtu kama mie. Vigari.

Siku hizi nasikia vijana wanaviita gokati. Sie tuliita vigari tu. Cha Temeke alikiunda kaka yangu na wenzake wa gereji. Injini ilitoka kwenye mashine ya kukatia majani ya mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mwili mabomba ya maji, matairi ya toroli, mnyororo wa baiskeli. Breki ilikuwa kipande cha ndala kilichosugua tairi, kwa hiyo ukifunga breki unanusa kwanza, kusimama baadaye. Kilikuwa chini mno. Ukikaa, magoti yanakuja masikioni, na kila kokoto unafahamiana nalo kwa makalio.

Uwanja wetu ulikuwa sakafu ya ghala kule viwandani. Simenti ya sakafu ilipatikana, ya kuta haikupatikana, basi ile sakafu ikabaki inatazama mbingu, pana, laini, na kichuguu cha mchanga wa ujenzi pembeni kikisubiri kuta zisizokuja. Mlinzi wake alikuwa anatufungulia kamba, halafu anakaa kushangilia kuliko sie wenyewe. Tuliteremka huko Jumapili baada ya saa nane mchana, saa ambazo serikali ilikuwa imekataza magari yasitembee ili kubana petroli. Jiji lote linatulia. Kuku wanavuka barabara kubwa wanatembea kwa maringo.

Siku ya kwanza kabisa alikuja balozi wetu wa nyumba kumi, kakunja uso.

"Ndugu zangu, hili ni gari ama si gari? Maana saa nane imepita."

"Shikamoo balozi," kaka akasema. "Hili hata mtu halipandi. Analivaa."

"Marahaba. Sijauliza linavaliwaje. Nauliza ni gari?"

"Halina taa, balozi. Honi halina."

"Linakunywa petroli?"

"Linaonja."

"Na kuzunguka hapa hapa, mtu hata haendi popote, si ndio ubwanyenye huo tunaosemwa kila siku?"

"Balozi wangu, kigari kimoja, wenyewe watu saba. Kama huo si ujamaa, basi ujamaa ni nini?"

Balozi akakizunguka. Halafu akasema lazima akipime mwenyewe kabla hajatoa uamuzi. Akavua kofia, akakaa. Alikuwa mtu wa kitambi, kitambi kikakwama kwenye usukani kama kizibo. Tulimtoa kwa kumvuta, huyu mkono, yule mguu, mlinzi anahesabu moja mbili tatu. Aliposimama akajipangusa akasema, "Si gari. Gari mtu anashuka mwenyewe. Ila petroli isizidi chupa ya soda."

Hapo ndipo ilipotoka sheria yetu. Watu wa Kinondoni walikuwa na kigari chao, wanakileta kwa mkokoteni mpaka Temeke, wanapita nacho Buguruni sokoni watu wakidhani ni cherehani imevunjika. Ilala na Keko nao wakaja na vyao. Kila kigari kinamiminiwa chupa moja ya petroli mbele ya watu wote. Mtazunguka mapipa matupu tuliyopanga kwenye kona mpaka mafuta yakate. Kikizima, umetoka, hakuna kusukumwa mara ya pili. Na ukienda kikonokono ili ubanie mafuta, mwenzio akakupita mzunguko mzima, nawe umetoka. Anayebaki anatembea mwisho ndiye mshindi. Zawadi hakuna. Zawadi ni kuwacheka wengine mpaka Jumapili ijayo.

Sasa mtu ukipima mambo hayo, chupa ni ile ile, injini zote zimechoka sawa, kinachobaki ni nini? Uzito wa dereva. Kaka yangu na wenzake walikuwa mafundi, wana mabega, wanakula kwa mama ntilie sahani mbili. Wakashindwa mfululizo. Jumapili moja nimewapelekea maji, kaka akanitazama juu mpaka chini, safari fupi, akasema, "Jamani. Si huyu hapa?"

Wakanipeleka Buguruni kwenye mizani ya viazi kuhakikisha. Mwenye mizani akanitazama nimekaa kwenye sinia lake, akauliza, "Huyu wa rejareja ama wa jumla?"

Nisikuchoshe. Nilishinda. Nikashinda tena. Kuendesha kwenyewe sikujua, ila nilikuwa mvivu, na uvivu kwenye mbio za chupa ni akili kubwa: nikifika kwenye pipa naachia mafuta kabisa, kigari kinaserereka chenyewe, ndio nakanyaga tena. Wenzangu walikuwa wanakanyaga kwa hasira kona zote. Watu wa Temeke walionisema kwamba nina chango wakaanza kunikataza nisile. Nikipita njiani na kitumbua, mtu anakichukua. "Dada, Jumapili hiyo!"

Dereva wa Kinondoni alikuwa fundi saa. Kijana mpole, mrefu, ana zile heshima za kumwamkia hata mbuzi wa jirani. Baada ya kumshinda kwa mara ya sijui ngapi, akanifuata pale nilipokuwa najipangusa vumbi.

"Samahani dada. Nilikuwa naomba kuuliza. Wewe huwa unakula nini?"

"Kile kile nisichokishiba," nikamwambia.

Akacheka mpaka akakaa chini. Miezi haikupita mingi, wazee wa kwao wakaja na posa.

Nyumbani mama alishukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa ameshakata tamaa, alijua nitazeeka naye. Lakini gerejini kulikuwa na msiba.

"Wamekuja kuchukua dereva hawa," mmoja wa wenzake kaka akasema. "Wameshindwa uwanjani, wanapitia msikitini."

"Mke anafuata mume," akasema mwingine. "Akienda Kinondoni atavaa Kinondoni."

"Kama atavaa chochote. Akipata mimba mbili tu, kwisha."

Mie nilikuwa nacheka nao, lakini maneno yale yalinikaa. Maana bwana mwenyewe nilimpenda, hilo sifichi. Ila kule kwenye ile sakafu ndipo mahali pekee nilipokuwa mtu wa kutegemewa. Nikawa najiuliza, nikiolewa, nitaendesha tena? Na nikiendesha, nitaendesha cha nani? Nikasema nitamuuliza mwenyewe. Kabla sijapata nafasi, nikatiwa ndani.

Kwetu mwari akishatiwa ndani hatoki. Anakaa chumbani na somo yake, anafundwa, anasingwa msio na liwa mpaka ang'ae, na analishwa. Na bwana harusi hamwoni mpaka siku yake. Akimwona kabla, kavunja mwiko, inakuwa maneno. Kwa hiyo swali langu nikabaki nalo mie mwenyewe, na petroli ilikuwa imeadimika, mbio zimesogezwa mbele mpaka Jumapili moja, wiki moja tu kabla ya harusi, nami ndio kwanza nawekewa uji.

Somo yangu alikuwa mama wa makamo, mfupi, mnene, sauti yake ilikuwa inatangulia kufika kuliko yeye. Alikuwa ametoa wari wengi mtaani na kila mmoja katoka mviringo. Aliponiona mie alinizunguka kwanza, kama fundi aliyeletewa cherehani isiyo na gurudumu. Halafu akakunja kanga.

Nchi nzima ilikuwa kwenye foleni ya unga siku zile, unga wenyewe wa njano, unaukanda unakukimbia. Lakini mie sijui somo alivipata wapi vile vitu. Asubuhi uji wa mchele wa tui zito. Saa nne maboga ya nazi. Mchana wali na kuku, jioni bokoboko la ngano na nyama, lililosongwa likanata kama gundi. Katikati ya hapo mayai. Nikisema nimeshiba ananiambia, "Nani kakuuliza?" Na mwili wangu, uliokataa chakula cha mama miaka yote, ukamsikia somo. Ndani ya majuma machache pete ikakaza. Nikaanza kuwa na kivuli.

Kaka alikuwa anakuja dirishani jioni.

"Shikamoo somo. Mwari hajambo?"

"Marahaba. Mwari anaendelea vizuri. Kiuno kimeanza kuonekana."

"Somo, kidogo kidogo basi. Jumapili tuna kazi naye."

"Kazi gani? Mwari hana Jumapili. Nenda zako."

Na akafunga dirisha. Ndipo nikaona hapa hamna mwingine wa kunisaidia ila hili tumbo lenyewe. Ijumaa uji ulipokuja nikafunga mdomo.

"Kunywa."

"Somo yangu, nisamehe. Kama Jumapili siendi, sinywi."

"Husemi kweli."

Nikageukia ukutani. Mchana wali ukapoa. Jioni bokoboko likaganda mpaka kijiko kikasimama chenyewe. Kwangu ilikuwa rahisi, njaa nilikuwa mzoefu wake toka zamani. Yeye ndiye aliyekuwa anateseka. Chakula cha taabu kinaharibika, mbele yake kuna siku tisa tu, na wanawake wa mtaa mzima watakuja kumtazama mwari ametokaje. Jumamosi asubuhi akakaa kitandani kwangu, kitanda kikapiga kelele.

"Haya, mwanangu. Unakitafuta nini huko? Kushinda?"

"Nataka kushinda. Na nataka kumuuliza bwana nikishaolewa kama nitaendesha tena. Nisipomuuliza sasa, nitaulizia nikiwa tayari jikoni kwake."

Alinitazama sana. Kisha akasema, "Mie nilikuwa mchezaji wa ngoma hodari, kabla sijaolewa." Akainuka, akaanza kutoa masharti. Nitafunikwa gubigubi, lisionekane hata jicho. Nitameza kila kitakacholetwa, toka pale mpaka kule uwanjani. Na bwana harusi aapishwe kwamba hatanitazama.

Kaka akaenda Kinondoni kwa mguu kumwapisha. Akarudi anasema, "Kaapa. Tena kasimama wima akaapa, kama yuko mahakamani."

Jumapili nikatoka kwa mlango wa nyuma, ndani nimevaa ovaroli la kaka, juu buibui la somo, ambalo mie na yeye tungeingia wawili na mgeni. Majirani waliambiwa mwari anapelekwa Mwananyamala hospitali. Tulitembea kwa vichochoro, somo mbele na birika la uji na mwamvuli.

Uwanjani watu walijaa. Buibui likavuliwa nyuma ya lori bovu, nikafungwa kanga kichwani na usoni, pakaachwa mwanya wa kupenyeza macho. Ncha za kanga akazichomeka ndani ya ovaroli, maana mnyororo ule ulishawahi kula suruali ya mtu, akabaki anajifunika mbele kwa mikono. Nikakaa kwenye kigari. Kaka akainama kutazama matairi. Yalikuwa yamekaa chapati. Akajaza upepo, yakakaa chapati tena. Akanitazama kwa huzuni kama aliyefiwa na baiskeli.

"Dada. Umekula nini wewe?"

"Muulize huyo hapo."

Na huyo hapo alikuwa ameshamimina. "Bado kikombe kimoja," somo akasema. "Tuliagana."

"Somo, tunamimina petroli sasa!"

"Na mie namimina uji. Kila mtu na kazi yake."

Nikanywa. Watu wa Kinondoni wakapiga makofi, wakaomba niongezewe.

Tulisukumwa, injini zikakohoa, tukaondoka. Cha Keko kilizima mapema, mnyororo uliruka. Cha Ilala kikafuata. Tukabaki sie wawili, mie na mchumba wangu. Na mie nikahisi jambo ambalo sijawahi kulihisi: kigari kinanikataa. Zamani nikikanyaga kinaruka. Sasa nikikanyaga kinafikiri. Nikiachia kwenye pipa, ule mserereko wangu wa kivivu ulikuwa mfupi, kinataka kulala. Fundi saa alikuwa mbele, injini yake inalia sawasawa kama saa alizokuwa anatengeneza, na kila duara anazidi kwenda. Mwisho sikumwona tena mbele. Nikamsikia nyuma.

Unajua maana yake. Amenizunguka. Akinipita, nimetoka.

Temeke walikuwa wamenyamaza. Kinondoni wanaimba. Nikasikia anakuja, anakuja, sasa yupo kwenye bega langu la kulia, na tunaingia kona ya upande wa mchanga. Ili anipite ilibidi tuwe sambamba, ubavu kwa ubavu, karibu mtu kumpa mwenzie chumvi. Na kuniona asinione, kaapa.

Somo akapiga kelele toka chini ya mwamvuli, sauti ile iliyokuwa inatangulia: "Weee bwana harusi! Macho!"

Masikini wa Mungu. Akageuza uso wote upande wa pili, tena na kiganja akaweka kwenye shavu, kama mtu anayezuia jua. Kona ikapinda. Yeye hakupinda. Nikasikia *puuf*, kama gunia la unga limeanguka, na injini yake ikanyamaza.

Nilipozunguka tena nikamwona, yaani nikaona mgongo wake. Kigari kimezama kwenye kichuguu cha mchanga mpaka usukani, naye kakaa hapo hapo, kichwa chote mchanga, na bado kanipa mgongo, kiganja bado shavuni. Nikapita. Nikaenda kidogo, mafuta yangu yakakata.

Lo, kelele zilizotoka hapo. Temeke wananibeba, yaani walijaribu, wakaniweka chini haraka. Mkubwa wa timu ya Kinondoni anaruka ruka.

"Haihesabiki! Dereva wao mwari! Mwari hatakiwi kutoka nje!"

"Nani kamwona mwari?" kaka akauliza. "Wewe umemwona?"

"Si huyo hapo!"

"Hiyo kanga. Umeona kanga."

Mlinzi akaamua kwamba aliyetembea mwisho ndiye aliyetembea mwisho. Mie hayo sikuwa nayo. Nilimshika somo mkono, nikamnong'oneza. Akasogea mpaka kwa bwana, mie nyuma yake hatua chache.

"Bwana harusi. Hujaumia?"

"Sijaumia somo. Shikamoo."

"Marahaba. Usigeuke. Mwari ana swali. Anauliza, akishaolewa, ataendesha?"

Kabla hajajibu, mkubwa wao akadakia, "Ataendesha! Chetu!"

"Si mnaona?" wakapaza wa Temeke. "Si tulisema? Posa gani ile, ule ulikuwa usajili!"

Wakaanza kusukumana vifua. Fundi saa akajipangusa mchanga mdomoni, akatema, akasema pole pole, lakini wote wakasikia, "Mie nimeposa mtu. Sijaposa timu. Akae kwenye kigari cha Temeke kama anataka Temeke." Halafu, bado kanipa mgongo, akaongeza, "Ila mwambie nikishaoa nitakuwa na ruhusa ya kumtazama. Ajiandae."

Somo alirudi kwangu anacheka mpaka birika linagonga mwamvuli. "Mwanangu," akasema, "huyo mshike. Sasa njoo unywe kilichobaki."

Nilikunywa bila kubembelezwa. Harusi ikafanyika, wanawake wakamtazama mwari wakapiga vigelegele, somo akapokea pongezi zake kama mwenye shamba lililokubali.

Mbio za kwanza baada ya hapo nilitoka Kinondoni nyumbani kwa mume wangu, nikaenda kukaa kwenye kigari cha Temeke. Bokoboko lilikuwa limeshanizoea, halikuondoka, na mpaka leo tunaishi wote. Nilishika mkia toka duara la kwanza. Mume wangu akanipita wenzangu wote wakiona. Tena alipokuja mara ya pili, ile ya kunitoa mchezoni, hakunipita mara moja. Alipunguza, akakaa ubavuni kwangu, ananitazama usoni, anatabasamu tu, upande mzima wa uwanja, na petroli yake inaungua bure.

"Pita!" mkubwa wao alikuwa anapiga kelele, kashika kichwa. "Pita wewe! Huyo si utamwona nyumbani?"

Hakupita mpaka tulipofika kwenye kona.